DAFTARI LA MKONO: NAMNA YA KUKUNJA NA KUSHONA KARATASI

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sote twaijua, na sote twaikubali kwa kinywa. Walakini wengi wetu huandika hesabu zao juu ya kipande cha karatasi kilichochanwa, wakakikunja mara nne na kukitia mfukoni. Jasho hukilowesha, vumbi hukichafua, na baada ya siku chache mikunjo yake hukatika, tena kwa bahati mbaya hukatika palepale penye tarakimu.

Leo twataka kueleza kazi ndogo isiyohitaji mtambo wala fedha nyingi, nayo ni kutengeneza daftari kwa mkono, kwa kukunja karatasi na kuishona kwa uzi. Tena twataka kuonyesha jambo moja ambalo watu wengi hawajaliangalia, ya kuwa mkunjo ukishonwa vema hulifanya daftari liwe shahidi mwaminifu. Kwa kuwa redio haina macho, tutakwenda polepole, hatua kwa hatua. Mwenye karatasi karibu naye na aitwae, afuate kwa mikono yake.

Kwa nini tujisumbue?

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, hesabu iliyoandikwa imekuwa jambo zito tangu zamani. Wazee wa pamba wakumbuka habari za mizani. Mkulima alileta pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, naye mkulima hakuwa na njia ya kujua kama uzani uliotajwa ni wa kweli. Malalamiko hayo yalikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wakulima wa Jimbo la Ziwa waungane, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani, na kuweka wapimaji wao wenyewe penye mizani. Mwaka 1955 vyama vyao viliunganishwa kuwa shirikisho kubwa la ushirika, lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Shirikisho lile halipo tena, lakini funzo lake limebaki: asiyeandika uzani wake huandikiwa na mwingine.

Upande wa Geita jambo ni lilelile, ijapokuwa mali yenyewe ni dhahabu. Wachimbaji wadogo huchimba katika mashimo wayaitayo maduara. Mawe hutiwa katika viroba, hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, kisha unga wake husafishwa mwaloni. Katika njia hiyo yote kuna watu wengi wenye haki: mwenye leseni, mwenye duara, aliyetoa fedha za chakula na mbao, na vijana walioshuka chini. Ni viroba vingapi vilitoka leo? Nani alichukua vingapi? Nani alikopa unga, na kwa bei gani? Mwaka 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, na hapo dhahabu hupimwa na mauzo huandikwa. Lakini karatasi ya sokoni hueleza mwisho wa safari tu. Mwanzo wake, kule duarani, hauna karani mwingine ila wachimbaji wenyewe.

Siri iliyo ndani ya mkunjo

Kila mwanafunzi amekwisha kuliona jambo tutakalolitaja sasa, pengine kwa kuadhibiwa. Ukichana jani moja mwanzoni mwa daftari la shule, baada ya siku chache jani jingine huanguka lenyewe kule mwishoni. Sababu yake ni kwamba majani hayo mawili ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Ni ndugu wawili walioshikana mikono mgongoni mwa daftari, na uzi au pini hupita juu ya mikono yao.

Tuchukue karatasi nne, tuzikunje zote pamoja katikati. Tutapata majani manane, na kwa kuwa kila jani lina kurasa mbili, tutapata kurasa kumi na sita. Tukizitia namba, tutaona kwamba karatasi ya nje ina ukurasa wa 1 na wa 2, tena wa 15 na wa 16. Karatasi ya pili ina wa 3 na wa 4, tena wa 13 na wa 14. Jumlisheni ukurasa na mwenziwe ulio upande uleule wa karatasi: 1 na 16 ni 17, 2 na 15 ni 17, 3 na 14 ni 17. Ndivyo itakavyokuwa mpaka katikati, 8 na 9.

Basi mtu akitaka kuficha deni lake kwa kuchana jani la 3 na 4, jani la 13 na 14 litalegea na kumsema. Akichana yote mawili ili kuficha dalili, namba zitaruka, na kila mtu ataona kwamba kutoka 2 twaingia 5. Vipande vya karatasi vilivyotupwa katika mfuko havina ulinzi huu. Kikipotea kimoja, vilivyobaki havijui. Hii ndiyo sababu tunasema mkunjo na uzi hulifanya daftari kuwa shahidi.

Wala kazi hii si ngeni. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi nchini Misri, huko yapitako maji yatokayo katika ziwa letu la Victoria, wakulima walichimbua mtungi uliokuwa na vitabu vya kale vyenye majalada ya ngozi. Vilitengenezwa yapata miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na vingi vyao ni fungu moja tu la majani ya mafunjo lililokunjwa katikati na kushonwa, kama daftari la shule. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika mji wa Siyu kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono, na majani yake yakashonwa katika majalada ya ngozi.

Kuijua karatasi

Kabla ya kukunja, yafaa kuijua karatasi yenyewe. Karatasi inayouzwa zaidi madukani siku hizi ni ile iitwayo A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kipimo hiki kilipangwa Ujerumani mwaka 1922, na kina hekima ndani yake: ukiikata karatasi katikati ya urefu wake, nusu yake ina umbo lilelile, ila ni ndogo. Ukiikata tena, vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna kipande kinachotupwa.

Jambo la pili ni nyuzi. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi ndogo za miti zilizolowekwa majini, na katika mtambo wa kiwanda nyuzi hizo hulala zaidi kuelekea upande mmoja, kama nyasi zilivyolazwa na maji ya mto. Karatasi ikikunjwa sambamba na nyuzi zake, hukunjika vizuri, na daftari hufunguka na kulala. Ikikunjwa kwa kuzikata nyuzi, mkunjo huwa na makovu, hupasuka upesi, na kurasa hujikunjakunja wakati wa masika.

Utazijuaje nyuzi? Shika karatasi, uipinde polepole kuelekea urefu wake bila kuibana, uone inavyokusukuma mkono. Kisha uipinde kuelekea upana wake. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wenye mkunjo unaofuata nyuzi. Njia nyingine ni kuchana kipande cha gazeti: upande mmoja huchanika kwa mstari ulionyooka, na upande mwingine huchanika ovyo. Ule ulionyooka ndio mwendo wa nyuzi.

Katika karatasi nyingi za A4 nyuzi huelekea urefu. Kwa sababu hiyo, mtu akiikunja A4 katikati kama wengi wafanyavyo, anazikata nyuzi. Lakini akiikata kwanza katikati kuwa vipande viwili, kisha akakikunja kila kipande katikati, mkunjo huo wa pili utafuata nyuzi. Atapata daftari dogo la mfukoni, lenye upana wa sentimita 10 na nusu, na urefu wa karibu sentimita 15. Hilo ndilo tutakalolitengeneza.

Vifaa

Twahitaji karatasi nane za A4, rula, kisu kikali, sindano nene, na msharasi wa mshona viatu au msumari mwembamba ulionolewa. Twahitaji pia kitu laini kigumu cha kubania mkunjo. Mafundi wa vitabu hutumia mfupa, na katika nchi ya ng'ombe mfupa si tabu kuupata: kipande cha ubavu kilichochemshwa, kikakwanguliwa na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka kiteleze. Asiyekuwa nao na atumie mgongo wa kijiko.

Uzi uwe wa pamba au wa katani, ulio imara na usiwe mwembamba mno, kwa maana uzi mwembamba hukata karatasi kama kisu. Uzi wa cherehani usokotwe mara tatu. Kisha uvutwe juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili au tatu, ili usichakae wala usijifunge mafundo. Nta yapatikana kwa warina asali wa upande wa Kahama na Bukombe.

Kwa jalada, karatasi ngumu ya kahawia ya mfuko wa saruji yafaa sana. Ikung'uteni nje, mkijifunika pua, mkaipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na kunawa mikono. Lakini tunaonya: msitumie kamwe mfuko, kopo wala karatasi iliyobeba dawa za kusafishia dhahabu, kama vile zebaki au sianidi. Daftari hushikwa kila siku, na mkono ulioshika daftari ndio utakaoshika ugali.

Kukunja

Kateni karatasi nane katikati ya urefu, mpate vipande kumi na sita. Vigaweni mafungu manne, kila fungu vipande vinne. Kunjeni kila kipande peke yake, mkilinganisha pembe kwa pembe kabla ya kubana. Ziwekeni pembe zikutane, zishikeni kwa vidole vya mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili pitisheni mfupa kutoka katikati ya mkunjo kwenda nje, kwanza upande wa juu, halafu upande wa chini. Mtu akianzia mwisho mmoja na kusukuma mpaka mwisho wa pili, karatasi huteleza na mkunjo huenda upande.

Baada ya hapo tieni vipande vinne kimoja ndani ya kingine. Mtaona kwamba cha ndani kimetokeza kidogo mbele kupita cha nje. Si kosa la mkono. Kipande cha nje huzunguka unene wa wenzake, nacho hupoteza urefu kidogo. Ndiyo maana hatutii vipande kumi na sita vyote katika fungu moja. Cha ndani kingetokeza mno, na daftari lingekataa kufunga kinywa chake. Wekeni mafungu chini ya jiwe zito au kitabu kikubwa usiku mmoja. Mkunjo uliolala usiku mmoja hausahau.

Jalada

Chukueni karatasi ya saruji, tabaka mbili, mzigandishe kwa gundi ya unga. Gundi hii hupikwa kwa kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, na vijiko vitano vya maji. Korogeni kwanza katika maji baridi mpaka madonge yaishe, ndipo mpike kwa moto mdogo mpaka iwe nzito na kung'aa. Ipakwe kidogo tu, kwa maana gundi nyingi huwaita mende. Ikaukie chini ya uzito, isianikwe juani, la sivyo itapindika.

Jalada likatwe urefu wa sentimita 15 na nusu, na upana wa sentimita 33. Kutoka kushoto pimeni sentimita 5 za kukunjia ndani, 11 za ubao wa mbele, 1 ya mgongo, 11 za ubao wa nyuma, na 5 za kukunjia ndani tena. Hapa pia mikunjo ifuate nyuzi. Ndani ya mgongo gandisheni ukanda wa nguo ngumu, ili uzi usiukate.

Kutoboa na kushona

Kila fungu litakuwa na matundu matatu ndani ya mkunjo. Fungu la kwanza na la tatu litobolewe katikati, kisha sentimita 2 na nusu kutoka juu, na 2 na nusu kutoka chini. Fungu la pili na la nne lipimwe vivyo hivyo, lakini matundu yote matatu yateremshwe sentimita moja. Tunafanya hivi kwa sababu mgongo wa jalada utatobolewa mistari minne iliyokaribiana. Matundu yote yakikaa sawasawa, mgongo utachanika kama ukingo wa stempu ya posta. Mistari hiyo minne itobolewe katika mgongo kwa vipimo vilevile.

Sasa kushona. Uzi uwe na urefu mara tatu ya daftari. Fungueni fungu katikati, mliweke ndani ya jalada, mfuate njia hii:

Kwanza, ingizeni sindano kutoka ndani katika tundu la katikati, itokee nje mgongoni. Acheni mkia wa uzi ndani, urefu wa kidole.

Pili, nje, pandeni mpaka tundu la juu, mkaingie ndani.

Tatu, ndani, shukeni moja kwa moja mpaka tundu la chini, mkilipita la katikati bila kuliingia, mkatokee nje.

Nne, nje, rudini tundu la katikati, mkaingie ndani. Angalieni sindano isiuchome uzi uliokwisha kupita humo.

Tano, sasa ncha mbili za uzi zipo ndani. Moja iwe upande wa kulia wa uzi mrefu ulioshuka, na ya pili upande wa kushoto. Vuteni kwa kufuata mkunjo, msivute kuelekea juu, maana mtachana karatasi. Fungeni fundo mara mbili juu ya uzi ule mrefu, mkate ncha mbali kidogo na fundo.

Fanyeni hivi kwa mafungu yote manne. Mwisho kunjeni kingo za jalada ndani. Daftari lenu lina kurasa 64, nalo litafunguka na kulala mezani bila kushikiliwa. Mafungu yameshonwa mbalimbali, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, mengine matatu hubaki imara.

Kitabu kisicho na uzi

Wanafunzi wadogo wasiopewa sindano wana njia yao. Chukueni karatasi moja ya A4, mkaikunje katikati mara tatu mpaka iwe na vyumba vinane. Ifungueni. Ikunjeni tena katikati, ncha fupi zikutane, mkate kutoka upande wa mkunjo mpaka mkunjo wa kwanza unaoukutana nao, yaani mpaka nusu ya njia. Ifungueni: kuna mpasuko katikati. Sasa ikunjeni kwa urefu, mkashike ncha mbili na kuzisukuma zikutane, mpasuko ukafunguka kama kinywa. Laza kurasa upande mmoja, na kitabu cha kurasa nane ki tayari. Chafaa kwa jedwali la kuzidisha au maneno mapya. Kwa hesabu za fedha hakifai, kwa sababu mtu aweza kukifungua na kukigeuza apendavyo.

Kuandika na kutunza

Daftari likiisha, lisianze kuandikwa hesabu mara moja. Kwanza litiwe namba ukurasa kwa ukurasa, 1 mpaka 64, kwa wino. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya wenye haki na tarehe ya kuanza. Kila mgawo uandikwe siku ileile, mbele ya watu wawili au zaidi, nao watie sahihi au alama ya kidole. Neno lililokosewa lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja ili lisomeke bado, na lililo sahihi liandikwe kando.

Mchwa ni adui mkubwa. Daftari likae ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko, mbali na ukuta wa udongo, na wengi hutia humo majani makavu ya mwarobaini kufukuza wadudu.

Mtu asidhani kwamba maandishi ni ya fedha tu. Katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka kwetu, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyohifadhi mila za watu wake. Kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano maneno hayo yalikaa katika karatasi yakingoja. Laiti karatasi zile zingaliliwa na mchwa, leo tusingekuwa na kitabu.

Basi, wapenzi, tunawapa kazi. Juma hili kila nyumba itengeneze daftari moja. Mkulima aandike mbegu alizopanda na kilo alizouza. Mchimbaji aandike viroba. Mwanafunzi amwendee babu au bibi yake, amwombe majina ya waliomzaa na mahali walipohamia, ayaandike kabla hayajazikwa pamoja naye. Karatasi nane, uzi wa shibri chache, na jioni mbili za kazi: hiyo ndiyo gharama yake. Kwaherini.